Vazi la Trekta la Kijivu

Aingiapo mtu katika karakana ambamo trekta la kale linahuishwa lirudie hali yake ya kwanza, kinachompiga macho si injini wala magurudumu, bali ni mabati yaliyotandikwa sakafuni: boneti iliyobonyea ubavu, madigadi mbili zilizoliwa na kutu hata zikatoboka mithili ya wavu, na kando yake, ingali imezongwa karatasi ya mafuta, boneti mpya iliyoagizwa kutoka mbali, isiyo na jeraha wala kumbukumbu. Injini aghalabu imekwisha kufunguliwa, ikatiwa pistoni na beringi, ikawashwa na kunguruma kwa furaha ya kila aliyehudhuria. Iliyosalia ni kazi ambayo wageni wa sanaa hii huidhania kuwa nyepesi kupita zote, nayo ni kulivika trekta nguo yake. Mafundi waliozeeka katika shughuli hii husema kinyume: ya kwamba chuma kinene husamehe makosa mengi, ilhali bati jembamba halisamehi hata moja, na kosa la bati huonekana na kila apitaye njiani.

Trekta halikuzaliwa na nguo. Fordson, ambalo Henry Ford alianza kuliunda kwa wingi mwaka 1917, lilikuwa karibu uchi: injini, sanduku la gia na ekseli ya nyuma viliungwa vikawa mwili mmoja wa chuma cha kusubu, pasipo fremu ya kuvibeba, na juu ya mwili huo likawekwa tangi la mafuta na rejeta mbele yake, basi. Chuma kilichosubiwa katika kalibu ya mchanga ni kinene na kizito. Mvua ikinyesha juu yake miaka hamsini hukitia wekundu wa juujuu tu, na ndani kikabaki kama kilivyotoka tanurini. Hii ndiyo sababu Fordson nyingi zilizotupwa maporini zimeweza kufufuliwa, na ndiyo sababu wazazi wetu walioyaona matrekta ya awali hawakuwa na neno la kusema juu ya bati lake: halikuwapo la kutajika.

Nguo ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu mbili zilizokutana. Ya kwanza ni bati lenyewe. Hapo zamani karatasi za chuma zilipitishwa kati ya rola moja baada ya nyingine kwa nguvu za watu, pande moja moja, wafanyakazi wakizishika kwa koleo na kuzirudisha tena na tena motoni. Zilikuwa ghali, hazikuwa pana, na unene wake haukulingana toka ncha hadi ncha. Katika miaka ya 1920, huko Ashland katika jimbo la Kentucky, Marekani, John Tytus alifaulu kusimamisha kiwanda ambamo chuma chekundu huingia upande mmoja kikapita rola baada ya rola bila kusimama, kikatoka upande wa pili ukanda mrefu, mpana, wenye unene mmoja. Uingereza ilipata kiwanda chake cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1938, huko Ebbw Vale katika nchi ya Wales. Bati pana lenye unene mmoja ndilo liwezalo kuwekwa kati ya kalibu dume na kalibu jike, likashindiliwa kwa uzito mkubwa na kutoka na mviringo wa bega la boneti pasipo kupasuka. Lau bati lile lisingalipatikana, bega lile lingefuliwa na fundi mmoja kwa nyundo siku nzima, na trekta lingeuzwa kwa bei ya gari la mfalme.

Sababu ya pili ni biashara. Miaka ya 1930 ilikuwa ya dhiki, wakulima hawakuwa na fedha, na wenye viwanda wakawa wanatafuta kila hila ya kuwafanya wanunuzi waone kwamba trekta la mwaka huu si lile la mwaka jana. Kampuni ya Oliver ilitoa trekta lake la 70 mwaka 1935 likiwa limefunikwa ubavu na kupewa umbo la kukata upepo kama motokaa. Mwaka 1937 watu wa John Deere walimwendea New York msanifu Henry Dreyfuss, na mwaka uliofuata matrekta yao ya A na B yakatokea na sura mpya. Na 1939 yakafuata ya Farmall yaliyochorwa na Raymond Loewy, yule yule aliyekuwa akisanifu magari moshi. Wako wasemao kuwa yote yale yalikuwa urembo mtupu, maana trekta halikimbii hata lihitaji kukata upepo. Mimi siafikiani nao kabisa. Bati lilizuia makapi na vumbi la mavuno, lilificha nyaya za umeme zilizokuwa zinazidi kuongezeka, na kubwa zaidi, lilimpa mkulima hadhi: mtu aliyetoka alfajiri kulima alipanda kitu chenye sura, wala si rundo la vyuma. Hata hivyo ni kweli kwamba wakulima wengi waliona mabati ya ubavuni yanawazuia kuifikia injini, wakayafungua, wakayaegemeza nyuma ya ghala, majani yakaota juu yake. Na leo mwenye kuhuisha Oliver la miaka ile huhangaika kwa ajili ya mabati yake ya ubavuni kuliko ahangaikavyo kwa ajili ya injini.

Katika matrekta yote yenye nguo, lile linalonipendeza kulisimulia ni dogo la kijivu la Harry Ferguson. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1884 katika wilaya ya Down, kaskazini mwa Ireland, mwana wa mkulima, akawa fundi wa motokaa na mrushaji wa ndege za mwanzo, kisha akatumia sehemu kubwa ya umri wake kulitafutia jembe la trekta njia salama ya kufungwa. Trekta lake la kwanza la kuuzwa liliundwa kwa msaada wa David Brown huko Huddersfield mwaka 1936. Mwezi wa Oktoba 1938 alilionyesha mbele ya Henry Ford huko Dearborn, na wazee hao wawili wakapeana mikono bila hati wala wakili. Tunda la mikono hiyo likawa trekta la Ford 9N la mwaka 1939. Mkataba wa mkono mtupu hauna kumbukumbu ila nia ya walioufunga, na wajukuu wa Ford walipojitenga, Ferguson akafungua kesi mwaka 1948, nayo ikaisha 1952 kwa yeye kulipwa dola milioni 9 na robo. Lakini kabla ya mashitaka hayo alikuwa amekwisha kuanza upya Uingereza, katika mji wa Coventry, kwenye kiwanda cha Banner Lane ambacho wakati wa vita kilikuwa kikiunda injini za ndege. Huko ndiko lilikotoka TE20, kuanzia 1946 hata 1956, na idadi yake ilipita laki tano na elfu kumi na saba.

Yote yalipakwa kijivu. Ferguson hakutaka rangi nyingine.

Mwenye kulitazama TE20 kwa macho ya fundi bati ataona jinsi lilivyofikiriwa. Boneti na uso wa mbele ni kitu kimoja, na kitu hicho hufunguliwa kwa nyuma, karibu na dashibodi, kikainamishwa mbele kama mtu avuaye kofia kwa kumstahi mwenziwe. Hapo injini, tangi na betri huwa wazi mbele yako. Spana iliyotolewa pamoja na trekta ilichorwa inchi ubavuni ili mkulima aitumie kama rula ya kupimia jembe lake, na nati nyingi za trekta ziliitii spana hiyo hiyo moja. Madigadi za nyuma ni ganda la bati lenye mviringo linaloifunika tairi kama ganda la kobe, na ukingo wake umekunjwa usikate mguu wa mtu. Ni mambo madogo, lakini yalitoka katika akili ya mtu aliyekulia shambani na kuona vidole vikikatwa.

Na hapa pananipeleka nyumbani kidogo. Aina moja ya TE20, iliyoandikwa TED na kuanza kuuzwa mwaka 1949, iliundwa iwashwe kwa petroli na ikisha kupata joto iendeshwe kwa mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa. Sisi wa pwani tuliyajua mafuta hayo kwa chombo chake, debe la galoni nne, na debe hilo lilipokwisha kumiminwa halikutupwa, maana fundi bati alilingojea kizingitini. Kwa mkasi, nyundo ya mti na ukingo wa reli iliyochimbiwa chini alitoa koroboi, kata, mizani, majiko na makasha ya safari. Na alipokunja ukingo wa kikombe juu ya uzi wa waya ili usikate mdomo, alikuwa anafanya kazi ile ile iliyofanywa na shinikizo la Coventry juu ya ukingo wa madigadi. Neno debe lilitufikia kutoka Bara Hindi, kama lilivyotufikia karakana, na pamoja na maneno hayo ulitufikia ustadi. Basi sioni kwamba habari ya boneti ya trekta ni habari ya wageni watupu. Baada ya Ferguson kuungana na Massey-Harris mwaka 1953, lilikuja trekta la 35 mwaka 1956, likavikwa wekundu mwishoni mwa 1957. Na mrithi wake, 135, wa miaka ya 1960, ndilo ambalo mkulima wa Bonde la Ufa, wa Arusha au wa Iringa amelijua tangu utoto kwa jina la Masi.

Yaliyotangulia hayo katika Tanganyika hayakuwa na vazi la kusifiwa. Katika mradi wa karanga ulioanzishwa Kongwa mwaka 1947 matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita, na baadhi, yaliyoitwa Shervick, yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kiwanda cha Vickers. Kabla mwaka huo haujaisha karibu theluthi mbili yake yalikuwa yamelala, vipuri hakuna, na ardhi ya Kongwa ikila makali ya majembe kama tupa. Mradi ukafungwa 1951 baada ya kupotea pauni zaidi ya milioni 36. Lililoshinda katika nchi kavu za Afrika halikuwa dubwana la chuma kinene, bali lile dogo lililoweza kufunguliwa kwa spana moja.

Lakini dogo hilo lina udhaifu wake, nao umo katika vazi. Kutu haianzii pale panapoonekana. Huanzia pale bati mbili zilipolaliana na kushonwa kwa moto, maana maji huingia katikati kwa wembamba wake na hayatoki. Huanzia chini ya madigadi, pale zinaposhikana na ekseli, ambapo matope na samadi hukaa msimu hata msimu yakiwa na chumvi na unyevu. Na katika TE20 huanzia jirani ya betri, kwa kuwa tindikali iliyomwagika tone kwa tone huvua rangi kwanza, kisha hula bati kwa siri chini ya rangi iliyobaki. Fundi akipiga kwa kidole sehemu inayoonekana nzima akasikia sauti ya kitu kilichokufa, hujua kwamba upande wa pili hakuna kitu ila rangi. Pia huja mikono ya wanadamu: boneti ilipopondwa na tawi, mtu aliinyosha kwa nyundo juu ya kigogo, bati likatandazwa na kuongezeka upana, na bati lililoongezeka upana halina pa kwenda ila kupanda na kushuka kama tanga lililolegea.

Je, bati jipya hutoka wapi, ikiwa Coventry waliacha kuunda TE20 mwaka 1956? Kwa hilo la kijivu, wako mafundi wa Uingereza wanaotengeneza kwa idadi ndogo kwa ajili ya wapenzi wa matrekta ya kale. Kwa lile la 35 hali ni nafuu zaidi, kwa sababu ukoo wake haukukatika: kiwanda cha TAFE huko Madras, ambayo leo ni Chennai, kilianza mwaka 1960 kwa ubia na Massey Ferguson, na matrekta ya uzao huo yaliundwa pia Pakistani na Yugoslavia, hata bati lake likawa bidhaa ya kila siku katika nchi ambazo trekta lenyewe si la makumbusho bali lingali kazini. Aliyeko Uingereza akivika trekta la baba yake, huenda anavika bati lililoshindiliwa India. Nalitaja hili kwa furaha, kwa maana bahari ile ile iliyotuletea debe ndiyo impelekeayo yeye boneti.

Bati hilo lakini halifanani lote. Kwa kipimo cha Kiingereza geji 18 ni milimita 1.2 hivi, na geji 16 ni 1.6, lakini muuzaji mwenye kutaka faida hushuka geji moja au mbili, na mnunuzi asigundue mpaka boneti inapoanza kutetemeka na kulia njiani. Na hata bati la unene sahihi lina tabia ya kujirudi: likisha kushindiliwa na kuachiwa, hufunguka kidogo kutoka umbo la kalibu, na kalibu ikiwa ya zamani, pembe zake zimelika, mikunjo iliyokuwa mikali kama ukingo wa kitabu hutoka imelegea. Jicho huliona jambo hili kabla ya kipimo.

Sasa tuje kwenye kuvisha kwenyewe. Boneti mpya imekatwa kwa kipimo cha trekta la karatasini, trekta ambalo halijapata kugonga mti wala kuvuta gogo. Ilhali lililosimama mbele ya fundi limeishi miaka sabini, mabano yake yamepinda, mpira unaoishika rejeta umebonyea, na huenda uso wake wa mbele ulikwisha kugongana na ukuta wa ghala zamani za babu wa mwenye mali. Vitu viwili hivyo vikikutana, tundu la bolti haliangukii tundu, na hapo ndipo fundi mwenye pupa hushika tupa au kekee akaanza kulipanua tundu la bati jipya. Hilo ni kosa ambalo halina marejeo. Fundi mwenye subira kwanza huliacha bati chini, akapima trekta: hunyosha uzi kutoka pembe hii hata pembe ya mkabala, kisha pembe ya pili hata ya nne, na nyuzi mbili zisipolingana hujua kwamba mgonjwa ni bano wala si nguo. Hulipasha bano moto, akalirudisha taratibu, akapima tena. Ndipo huweka boneti ikiwa haijapakwa rangi yoyote ya mwisho, akatia bolti zote kwa vidole, asikaze hata moja mpaka ya mwisho iingie. Maana bolti moja ikikazwa mapema huvuta bati zima upande wake, na zilizobaki hulaumiwa bure.

Wenye kiwanda wenyewe waliyajua haya, ndiyo sababu matundu mengi ya mabano yalikatwa marefu badala ya duara, na kati ya bati na bati ukawekwa utepe wa kitambaa au mpira wa kuzuia msuguano. Tundu refu ni ushahidi kwamba hata siku trekta lilipotoka jipya palikuwa na mtu aliyesimama na spana akasukuma boneti kidogo huku, kidogo huko, akainama, akatazama mwanya wake na dashibodi, kisha akakaza. Fundi wa leo anayefanya vile vile hasahihishi kiwanda. Anaimalizia kazi ambayo kiwanda kilimwachia mtu.

Panapokuwa na bati la asili ambalo theluthi ya chini tu imeoza, mimi ni katika wale wanaopenda likatwe pale palipooza na kuungwa kipande, kuliko kulitupa lote. Kipande hukatwa kikiwa na pembe za mviringo, kwa kuwa pembe kali hukusanya joto na kupasuka. Huchomelewa kwa nukta moja hapa na nyingine mbali nayo, fundi akingoja kila nukta ipoe, mpaka nukta zikutane. Akifanya haraka, joto hulitanua bati na likipoa hujikunja, na ubavu uliokuwa laini ukawa na mawimbi. Mawimbi hayo huondolewa kwa ufundi ambao kila mnyoshaji bodi wa miji yetu anaujua: hupashwa sehemu ndogo kama sarafu mpaka iwe nyekundu, hugongwa kidogo juu ya kipande kizito cha chuma kilichoshikwa nyuma yake, kisha hupozwa kwa kitambaa kilichoroweshwa maji, nayo hujibana na kuvuta bati lililolegea likakaza.

Zamani katika mashamba ya mbali boneti iliyotoboka ilipigwa kiraka kwa bati la debe na kufungwa ribiti, na viraka hivyo vingine vingalipo. Wako wahuishaji wanaovibandua kwanza kabisa, wakiona aibu. Naona ni hasara kubwa. Kiraka chenye ribiti zilizopangwa kwa usawa, kilichowekwa na mtu asiye na shinikizo wala gesi, kinasema habari za trekta lile kuliko rangi mpya inavyoweza kusema, na fundi mwenye adabu humwuliza kwanza mwenye mali kabla ya kukigusa.

Kuna bati moja dogo kuliko yote, nalo ndilo huwatia mashaka hata wasio na mashaka: kibati cha namba kilichofungwa kwenye dashibodi, chenye herufi na tarakimu zinazosema kama trekta ni la petroli, la mafuta ya taa au la dizeli, na ni la ngapi kutoka Coventry. Dashibodi ikiwa imeoza na kubadilishwa, kibati hicho lazima kihamishwe. Ribiti zake ndogo hutobolewa kwa kekee nyembamba kutoka nyuma, kibati hulazwa ndani ya kisahani cha mafuta ya taa usiku kucha, kisha hufutwa kwa kitambaa laini, kamwe si kwa msasa, maana namba ziligongwa kwa kina kidogo na msasa ungezifuta. Nimemwona fundi mmoja, mzee wa mikono mizito, akikishika kibati hicho kwa ncha za vidole kana kwamba ni jani la msahafu, akakipangusa, akakisoma kwa sauti mbele ya mwenye trekta ili wote wawili wasikie, ndipo akatia ribiti ya kwanza.